Serikali Mpya ya Japani na Watoto Saba wa Kaka

Kang, kang, kang. Kengele ya kivuko cha reli kilichokuwa karibu na chumba cha kaka yangu huko Japani ilikuwa inaingia kwenye simu mpaka kwetu Jeppestown, Johannesburg, na binti yake akiisikia tu anaruka kitandani: "Baba!"

Kaka alikuwa kibarua kiwandani. Mkewe alikuwa ameshafariki, mtoto nikabaki naye mimi. Siku moja kaka alipiga simu huku anacheka mwenyewe. Chama kilichoizoea ikulu yao miaka na miaka kilikuwa kimeangushwa, na hawa wapya waliahidi posho kwa kila mtoto, hata wa mgeni aliyemwacha kwao. Ila baba aonyeshe kwamba huwa anakwenda kumwona.

"Kwa hiyo unakuja?"

"Nakuja, dada. Bosi atanikatalia vipi ruhusa, jambo lenyewe la serikali?"

Nikaipenda serikali ile kana kwamba niliipigia kura.

Kumbe! Kwenye ofisi ya posho wakamuuliza ana watoto wangapi nyumbani. Akajibu saba. Mmoja wake, sita wa kaka zetu wakubwa. Wajapani wakataka vyeti vya kuzaliwa vya wote saba, vyenye jina lake. Na huko kwenye televisheni watu walishaanza kupiga kelele kwamba wageni watakula kodi yao kwa watoto wa kubuni.

"Si ungesema mmoja tu!"

"Nimkane nani sasa? Nitajie."

"Eish, kaka, hukuulizwa ukoo!"

"Waliuliza watoto. Nikasema watoto."

Ombi likawekwa pembeni. Mara waziri mkuu akajiuzulu. Akaja mwingine, naye hakukaa, na kila anayeingia anasema posho itaangaliwa upya. Jamani! Watu wanaotengeneza magari yasiyochoka, waziri mkuu wa kudumu ndiye anayewashinda? Mtoto naye, kila jioni akiziangalia taa za barabarani pale kona: "Shangazi, baba amefika wapi, kwenye robot?"

"Bado, mama. Kuna foleni."

Mwishowe wakabadilisha sharti: posho ni ya mtoto anayeishi Japani. Bosi akaifuta ruhusa, akasema labda mwaka ujao.

Gauni la njano tulilonunua Fordsburg, la kumpokelea baba uwanja wa ndege, lilikuwa halijavaliwa hata mara moja, na nikimpimisha lilishaanza kumpanda juu ya magoti. Mtoto alipokwenda shule nikafunga mlango, nikaufumua upindo, nikauteremsha wote, nikaushona upya kwa mkono.