Vitabu Vitatu vya Mama

Niliondoka Nakuru Jumatatu alfajiri kwa sababu Mama alikuwa ameanguka mara mbili wiki hiyo. Kwenye simu alinijibu tu, "Ni kizunguzungu, itaisha." Mama hajui kulalamika, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Saa nne nilishuka Nairobi, nikapitia soko la Gikomba kwa miguu. Cherehani ambayo Mama hurekebishia nguo za mitumba ilikuwa imefunikwa gunia. Utotoni nilikuwa nikilala chini yake juu ya vipande vya vitambaa. Kuiona kimya kulinichoma.

Saa sita nilifika kwake Huruma. Zamani hapa tulikuwa na zahanati moja tu, na Sista Wambui, muuguzi wake, alikuwa akikuita toka mlangoni: "Wewe wa kifua, njoo!" Nimemkosa sana mwanamke yule. Siku hizi Mama ana kliniki tatu: ya presha na ya sukari, zote mbali, na ya magoti huko Mathare. Kila moja ina daftari lake la kuandikiwa na daktari. Alinitolea yote matatu, yamevalishwa magazeti, kila moja na mfuko wake wa dawa.

"Daktari wa sukari ameona kitabu hiki cha presha?" nikamuuliza.

"Woi! Nitamwonyesha aje kitabu ya mwenzake? Si ataona simwamini?"

Saa nane tulikuwa kliniki ya sukari. Niliyaweka yote mezani, Mama akatazama sakafu kwa aibu. Daktari alisoma, kisha akaomba ile mifuko.

"Mama, hizi mbili, yetu na ya kliniki ya presha, ni dawa moja ya presha. Majina tu ndiyo tofauti. Umekuwa ukimeza mara mbili, ndiyo maana unaanguka."

"Lakini moja ni nyeupe, ingine pinki."

"Kwani hukutuambia una kliniki ingine?"

"Mliniitisha kitabu," Mama alisema polepole. "Nikaletea kila mtu yake."

Daktari alimpigia simu mwenzake wa presha, wakakubaliana ipi iachwe. Nilikuwa nimekuja na hasira za kumgombeza mtu, nikakosa wa kumgombeza.

Ijumaa asubuhi nilipita Gikomba kumuaga. Hakuwa ameanguka tena. Gunia lilikuwa chini, cherehani ikinguruma, na Mama alikuwa akiyashona madaftari matatu pamoja kwa uzi mnene wa jinzi. Alikata uzi kwa meno, akanionyesha.

"Sasa hao madaktari wasomane," akasema.