Kiti Nisichowahi Kukikalia

Kling'! Mpaka leo naisikia ile sauti ya chuma kikiwekwa kwenye sahani ya bati, nyuma ya mlango wa daktari wa meno, Temeke. Mtoto wa dada yangu, miaka sita, alinikamata kanga kwa mikono miwili.

"Mama mdogo, wanang'oa?"

"Hawang'oi. Linazibwa tu. Si kama tulivyocheza?"

Wiki nzima nilikuwa daktari. Namlaza mkekani, namhesabia meno kwa kijiko, halafu na yeye ananihesabia yangu. Mswaki wa zamani ndio ulikuwa mashine, nauungurumisha zzzz mpaka anacheka. Mie nilishajiona na kliniki yangu ya watoto, kuta za njano, na shule yenyewe niliishia kidato cha pili! Dokta alishatuambia: tundu bado dogo, likizibwa sasa jino litapona, likichelewa litang'olewa.

Mtoto akaanza kutulia. Mama yangu, aliyekaa naye upande wa pili wa benchi, akaona asaidie.

"We, ukilia humo ndani unachomwa sindano ya tako. Umesikia?"

"Mama jamani!"

"Jamani nini? Nyie wote niliwatishaga hivyohivyo, na mmekua."

Kazi yangu ya wiki nzima ikaishia hapo. Ndani, mtoto alibana mdomo mpaka midomo ikawa myeupe. Dokta, dada mpole, akasema hatamlazimisha, tumrudishe wiki ijayo. Nilitoka nina hasira mpaka machozi. Mtoto asipokula, sindano. Asipooga, sindano. Halafu siku ya hospitali tunamshangaa anavyotetemeka! Na huwezi kumgombeza mama, maana anampenda yule mtoto kupita kiasi. Jioni ndiye aliyempondea ndizi, kwa vile anatafunia upande mmoja.

Nikachukua tena kijiko.

"Dokta haumizi, nakuapia."

Akaniangalia. "Wewe ulishakaliaga kile kiti?"

Sijawahi. Jino langu la nyuma linanisumbua tangu mwaka juzi, nanyamaza nalo, naogopa.

"Bado," nikasema.

"Basi unanidanganya, kama bibi tu."

Akageukia ukutani.

Asubuhi nikaaga naenda sokoni Tandika. Nikapitiliza mpaka kwa dokta, nikaandikisha jina langu. Nilipoitwa nikapanda kwenye kiti, nikafungua mdomo.