Mahali pa Kusimama Meli Ikipita

Alute wa Kinyangiri haogopi fisi, wala dume la ng'ombe lililokata kamba. Lakini Alhamisi hiyo, saa kumi na moja jioni, aliketi juu ya mwamba nyuma ya shule, pale mtandao unaposhika, amekumbatia fimbo yake kwa hofu kama mtoto. Mwalimu Peniel, mwenye simu, alijifanya haoni.

Alikuwa akimwogopea bintiye, Rahabu. Kwa miezi saba Rahabu alikuwa akisafisha vyumba katika meli ya watalii huko ughaibuni, na katika miezi hiyo yote hakupiga simu hata mara moja. Alisema intaneti ya melini ni ghali mno, hivyo alituma ujumbe wa maandishi tu. Alute aliridhika nao hadi siku ile Gaspari, muuza chumvi wa mnadani, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, aliposimulia kwamba wapo mabinti wanaopotelea nje ya nchi na simu zao zinaendelea kuwajibu wazazi. Tangu hapo kila ujumbe ulioingia ulimshtua. Anayeandika ni nani? Hakumwambia kitu mkewe, Anastazia. Aliibeba hofu hiyo peke yake, ikamkondesha.

Kila jioni ng'ombe wakishaingia zizini, Anastazia huuliza kutoka jikoni, "Wote wapo?" Naye hujibu kwamba wapo. Siku hizi kila akijibu hivyo alijiona anasema uongo.

Ndipo ukaja ujumbe kwamba meli itapita kwenye mfereji wa Panama, na kwamba juu ya ukuta wa mfereji ipo kamera inayoonyesha kila meli ipitayo, anayetaka popote duniani anatazama kwenye simu. Rahabu, au huyo aliyejiita Rahabu, alikuwa amepewa ruhusa ya robo saa atoke nje. Wageni watajazana mbele na ghorofa ya juu kabisa, aliandika, maana kila mmoja anaamini huko ndiko kunakoonekana vizuri. Je, yeye asimame wapi ili baba amwone?

Kwa swali hilo Alute hakuhitaji msaada wa mtu. Amehesabu ng'ombe langoni miaka arobaini. Anayepanda juu ya ua huona migongo na vumbi. Anayetaka kumjua kila mnyama husimama chini, kando ya nguzo, pale njia inapobana, wakampita mmoja mmoja wakimgusa. Mwalimu alimwonyesha kwenye simu meli nyingine ikipita, naye akaona mambo ni yale yale, lango jembamba na mnyama mkubwa. Akaomba iandikwe hivi: simama ghorofa ya chini, nje, ubavuni, upande wa kulia.

Sasa meli ilikuwa imefika, nyeupe, imejaa kioo chote cha simu. Juu watu walibanana wakinyanyua simu zao. Chini, ubavuni, walisimama wachache tu: mzee mwenye kofia pana, mama mwenye darubini, watu wawili walioshikana mikono. Ukuta ulikuwa karibu nao kiasi cha kuuparaza kwa vidole. Alute aliwapitia mmoja mmoja. Rahabu hayupo. Akawarudia, safari hii akianzia nyuma. Hayupo.

Kisha meli ikaanza kuzama. Alute aliruka akasimama, na mwalimu akamshika shati, akaeleza upesi kwamba maji hupunguzwa katikati ya milango miwili ili meli ishuke, kama mtu anayeshuka ngazi. Alute alimsikia kwa mbali. Vichwa vilikuwa vikididimia nyuma ya ukuta, kimoja baada ya kingine, na maneno ya Gaspari yalimjaa masikioni.

"Mwalimu, mwanangu hayupo."

"Ulisema kulia, mzee. Kulia kwa nani?"

Alute alifumba macho. Anayehesabu ng'ombe huwatazama usoni, na kulia kwake ni kushoto kwao. Alikuwa amempeleka mtoto ubavu wa pili, ambako kamera haifiki. Au hakuna mtoto kabisa. Kwenye simu mambo hayo mawili hayakuwa na tofauti, na hapo ndipo hofu ilipomkaba kweli kweli.

Milango ikafunguka. Meli ikaanza kutoka, ikawapa mgongo. Mwalimu aliangalia chaji, akasema kwa upole kwamba robo saa imekwisha.

Nyuma kabisa ya meli hapakuwa na mgeni hata mmoja. Akatokea mbio kutoka ubavu wa pili mtu mmoja mwenye sare ya kijivu, ameshika fimbo ya kupigia deki. Sura haikuonekana, alikuwa mdogo kama punje ya mtama. Akaipitisha ile fimbo nyuma ya shingo, akaning'iniza mikono yote miwili juu yake, akakunja goti moja, akatulia hivyo, yeye wa mwisho, kundi lote likiwa mbele yake.

Alute ndiye aliyemfundisha kusimama vile, malishoni, Rahabu akiwa na miaka sita. Jambo hilo hakuna simu ingeweza kulijua.

Alilia kwa sauti mbele ya mwalimu, bila aibu. Kisha akashuka mwambani mbio, kama anayefukuzwa bado, maana hofu kama ile haitoki kwa robo saa. Alipofika nyumbani giza lilikuwa linaingia, na ng'ombe walikuwa wameshajipeleka zizini wenyewe. Kutoka jikoni Anastazia akauliza kama kawaida yake.

"Wote wapo," alijibu Alute, ambaye jioni hiyo hakuwa amehesabu hata ng'ombe mmoja.