Jeneza Alilolileta Mheshimiwa

Kila mvua kubwa ya kwanza inapoupiga mji wetu wa Kolwezi, mwanangu, hunirudia siku moja ambayo hadi leo sijaweza kuizika. Kaa nikusimulie polepole. Najua umepiga kura yako ya kwanza, najua mtu uliyemchagua ameanza kukutia shaka, na najua unaogopa kufungua kinywa.

Nilikuwa kijana mchimbaji wa kobalti. Babu zetu waliletwa kutoka mkoa wa Kasai, humu humu Kongo, kufanya kazi mgodini, wakapewa mshahara na nyumba za matofali. Sisi wajukuu tulibaki na sururu, gunia na kamba ya kushukia shimoni. Kwa hiyo alipojitokeza mtu wa kwetu kugombea ubunge, tulimpokea kwa mikono miwili. Nilimwimbia hadi sauti ikakauka. Alituahidi jambo moja lililotugusa: ataleta tingatinga liondoe udongo wa juu, tuchimbe juani kama watu, na mashimo marefu yafungwe. Tukampigia kura, akapita. Tingatinga hatukuliona. Mvua zikaja, na shimo letu likamfunika binamu yangu Kabeya, asubuhi ambayo mimi nilikuwa juu nikivuta magunia.

Mheshimiwa hakututupa, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Alituma jeneza lenye vishikio vya kung'aa, turubai, viti na magunia ya mchele. Kisha akaja mwenyewe, gari lake likasimama mlangoni. Nikaokota jiwe. Mama Ngalula, mama yake Kabeya, shangazi yangu, alikuwa ameketi mkekani akilia, lakini aliniona.

"Weye, tupa ile jiwe," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ukivunja kioo ya motoka, kesho batasemea kioo. Shimo, nani ataisemea?"

Nikaliachia. Hasira hasara, walishasema wazee, ila siku ile nilihitaji kuambiwa na mtu mwenye haki ya kukasirika kuliko mimi.

Sasa, unaijua desturi yetu. Kabla jeneza halijatoka uani, mtu wa familia husimama akaeleza marehemu alivyougua mpaka akafa. Watu hunyamaza, maana hayo ndiyo maneno ambayo kila mmoja ataondoka nayo. Aliyepewa kazi hiyo ni Tata Mukendi, baba mdogo wa Kabeya. Alilitazama jeneza, akamtazama Mheshimiwa, akasema kijana alishikwa na malaria, ikampanda kichwani.

Mimi nilikuwa mmoja wa waliomfukua. Udongo ulikuwa bado kwenye kucha zangu.

Mama Ngalula akainuka. Alikuwa amefunga kikwembe, kitenge cha kampeni chenye uso wa Mheshimiwa, kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa safi.

"Tata depite, aksanti kwa sanduku," akamwambia mbunge. "Mi nilikuvotia. Bote hapa banajua. Lakini mutoto yangu hakukufa na malaria. Udongo ndiyo ilimukula, mu shimo ile ulituambia utafunga. Naomba uifunge. Kuko batoto ya bengine ndani."

"Pole sana, mama," Mheshimiwa akajibu. "Lakini hapa ni ku kilio. Tusilete politike."

"Politike, tata? Na siku ya kilio ya bwana yangu, si weye ulikuya hapa, ukasimama, ukaomba bakuvotie?"

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja alicheka, kisha akajiziba mdomo. Kijana wa msafara akapaza sauti: "Huyu mama, bapinzani ndio balimutuma!"

Mama Ngalula akakishika kikwembe chake, akakikung'uta. "Balinituma? Basi angalia, niko nafunga uso ya nani?"

Mheshimiwa alijitazama pale kiunoni mwa mama yule. Akaangalia saa, akaondoka.

Sitakudanganya, mwanangu, kwamba mambo yalinyooka. Kabla hatujarudi kutoka makaburini, vijana wake walikuwa wameshakunja turubai na kubeba viti. Chakula cha kilio tulikila tukinyeshewa. Tata Mukendi hakuzungumza tena na shemeji yake, akimwita mwanamke aliyemuaibisha Mheshimiwa, mtoto wa kwetu, mbele ya wageni. Na shimo halikufungwa. Lakini mimi nilikuwa nimesikia kilichomuua Kabeya kikitajwa mchana kweupe, na miguu yangu ikakataa kushuka. Mutombo, rafiki yangu niliyekuwa nikivuta naye kamba, alinicheka. "Tata Mukendi alisema malaria," akaniambia. "Mi niko na dawa ya malaria." Akashuka. Hadi leo yuko chini.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Sisi tulijaribu kuyaficha hata ndani ya kilio chenyewe.

Kwa hiyo nisikilize. Kumpigia mtu kura si kumuuzia kinywa chako. Akikuletea mchele, upokee na umshukuru, kwa kuwa adabu haidhuru kitu; kisha mkumbushe alichoahidi, umtajie jambo moja unalolitaka, mbele ya watu, mikono yako ikiwa mitupu. Usiwaachie wapinzani wake kazi hiyo, maana wao watasikika kama wapinzani tu. Wewe uliyemwimbia ndiye unayeweza kumwambia "hapana" akakosa pa kukimbilia. Wakikuonya kwamba ni mtu wa kwetu, wajibu kwamba ndiyo sababu unasema naye.

Huenda asikusikie. Wangu hakusikia. Lakini wewe hujui nani mwingine amesimama pale nyuma, kamba mkononi, akingoja maneno yako ili ajue kama ashuke au abaki. Mimi nilikuwa pale nyuma, mwanangu, na ndiyo maana leo una mzee wa kukusimulia.

Mungu aupe ulimi wako ujasiri na mikono yako utulivu. Na udongo huu wa Kolwezi ukubebe juu yake miaka mingi, mingi sana, kabla ya kukupokea.