Sabuni ya Mkopo na Kinga Mpya

Jumamosi nilipanga mstari kununua sabuni katika duka lililo karibu na stesheni. Mbele yangu walisimama fundi wa reli na mkewe. Kisa chao tunakijua sote: mume alinyimwa kinga, yaani baiskeli, kwa mkopo, kwa sababu taa aliyokopa zamani alichelewa mno kuilipa. Tangu hapo hukopa kipande cha sabuni, akalipa kabla wiki haijaisha, kisha akakopa kingine.

"Baba, feza iko mu mufuko, na weye unakopa tena?" mkewe aliuliza kwa sauti ya kutusikilizisha sote. "Nyumba imejaa sabuni, na batoto beko bachafu bale bale."

"Nyamaza, mama. Minyi naosha jina."

Mwenye duka alikirudisha kipande cha sabuni rafuni, akaingia stoo, akatoka akisukuma kinga nyeusi yenye karatasi bado kwenye usukani.

"Sabuni imetosha," alisema. "Ukichelewa kulipa hii, utaanza tena na kipande kimoja."

Fundi aliishika kengele kwanza, akailiza. Mkewe, aliyekuwa akimcheka, ndiye aliyewahi kuketi nyuma, na mstari mzima ukapiga makofi.

Mimi sijawahi kukopa hata kiberiti, na huwaambia watoto wangu hivyo kila wiki. Nililipia sabuni yangu papo hapo, nikajitwika, nikashika njia kwa miguu. Sijafika hata kwenye kona, kengele ikalia nyuma yangu, nipishe.