Tulivyoifuata Pua ya Mama Kasulu

Nilitoka Busunzu kwa sababu ya neno moja ambalo mama yangu alilisikia vibaya redioni. Miezi minane iliyopita alimwokoa mbuzi kwenye meno ya mbwa, na mbwa akaondoka na ncha ya pua yake. Kidonda kilipona, lakini Mama hakupona. Aliacha kwenda kanisani, na wageni aliwapokea akiwa amejifunika kitenge mpaka machoni. Basi redio ikatangaza kwamba madaktari bingwa watazuru Kasulu. Kwa Kiha, lugha yetu, pua ni izuru. Mama akatoka jikoni mbio: "Mwananje, madaktari wa izuru wanakuja!" Nilijua kuzuru ni kutembelea tu, lakini alikuwa ameshaanza kufungasha, nikakosa moyo wa kumwambia.

Jumatatu alfajiri tulipanda basi Kibondo. Mama alikaa dirishani, na kila tuliposimama aliuliza kama ndiyo Kasulu. Mimi nilikuwa natunga maneno ya kumpoza tutakapofika.

Saa nne tulikuwa kwenye foleni ya hospitali. Nesi, Muha mwenzetu, akauliza shida ni nini. "Izuru," akajibu Mama, "si ndiyo mliyotangaza?" Nesi alicheka mpaka akashika meza, kisha akaeleza kwamba wale walikuja kwa ajili ya macho, ngiri na makovu ya moto. Mama akakivuta kitenge juu zaidi. Niliona aibu, maana ningeweza kumwepusha na kicheko kile.

Kicheko hichohicho ndicho kilichomtoa chumbani daktari wa makovu. Akamwomba Mama afunue uso, akatazama bila haraka, akasema, "Hii naiweza, mama."

Alituchorea karatasini. Kazi hii, alisema, ni ya kale kuliko hospitali. Huko India ya zamani watu walikatwa pua kwa adhabu, na waganga wakajifunza kuzirudisha. Walipima pengo kwa jani, wakalilaza jani hilo shavuni, wakakata ngozi kwa kulifuata. Baadaye wakahamia kwenye paji la uso, wakawa wanaigeuzia ngozi puani bila kuing'oa kwenye shina lake. Waitaliano nao walitumia ngozi ya mkono, mgonjwa akikaa wiki kadhaa mkono umefungwa usoni.

"Kumbe ni kubebesha!" nikasema, maana mimi hubebesha miche ya parachichi, naunga kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine.

"Ndiyo, ila hapa kikonyo hakikatwi mpaka ngozi ishike."

Mama akauliza, "Na kwenye paji nitabaki na nini?"

"Kovu."

"Kovu nitalizoea. Kata, muganga."

Mama alipokwisha kupasuliwa, Makere ndiko tulikokaa wiki tatu, kwa shangazi yangu. "Amahoro, wifi! Karibu wewe na mkonga wako," alitupokea, na Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu mbwa yule. Ngozi ilikuwa imening'inia kutoka kwenye paji mpaka puani. Nzi akitua puani, Mama alijikuna paji, kwa sababu ngozi ilikuwa bado haijui imehamia wapi. Shangazi alicheka hadi machozi. Mimi nilicheka nusu tu. Daktari alikuwa ametuonya kwamba ngozi ikipoa na kuwa nyeusi, imekufa, na kila asubuhi niliichungulia kwa hofu. Siku ya sita nesi wa kubadilisha bandeji aliigusa akasema ina joto. Siku hiyo nilikula sahani mbili za ugali wa muhogo.

Wiki ya tatu ilipokwisha tulirudi Kasulu. Daktari naye alirudi kama alivyoahidi, akakata kikonyo. Pua ni nene kidogo, haifanani na ile ya zamani, lakini ni pua.

Bandeji zilipotoka, tukarudi Kibondo. Tulishuka saa saba, na gari la Busunzu lilikuwa limeshawashwa.

"Twende, Mama, tutaachwa."

"Liache liende. Tupite sokoni."

Akakunja kitenge, akakitia kwenye mkoba. Tulipita kwenye maharage, tukapita kwenye dagaa, tukazunguka tena. Nilikuwa nimedhani tulikwenda Kasulu ili watu waache kumtazama Mama. Sivyo. Watu walimtazama vilevile, wengine waligeuka kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa hajawaona watu kwa miezi minane. Alimsalimia kila aliyemfahamu kwa jina, na hatukununua hata chumvi.