Namba ya Mama, 510510

Namba ile ilinigharimu mandazi manne, na nimehesabu mara mbili. Ilikuwa 510510, namba ya mama kwenye kadi yake ya mkulima wa chai. Siku moja, tukingoja majani yapimwe kituoni, dada yangu mkubwa alinichokoza: "Taja namba moja tu isiyoigawanya hii bila baki. Ukikosa, mandazi yako ni yangu."

Mimi na ujanja wangu nikaona namba ngumu ndizo zitamshinda. Nikataja saba. Akagawanya kwa kijiti kwenye udongo mwekundu, hakukubaki kitu. Siku zilizofuata nikaleta kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba. Zote ziliingia sawasawa.

"Leta ingine, mjanja," alisema akitafuna. Lakini kila mara alinikatia nusu.

Juzi niliikuta kadi hiyo nyumbani Litein. Nikajaribu nne, namba ya mtoto wa darasa la pili. Ikabaki mbili. Nikarudia, ikabaki mbili.

Nikampigia dada, siku hizi yuko Longisa. "Si ungeitaja wakati ule?" akacheka.

Nishaurini: nimdai mandazi mawili niliyopoteza kweli, au ninunue manne niende tukagawane tena?